Anayemwigiza Marehemu

Katika makumbusho ya Ujiji, mwendo mfupi wa daladala kutoka Kigoma mjini, wanaume wawili wa kufinyangwa wamesimama wakitazamana, kofia zao zimeinuliwa. Mmoja ni David Livingstone, mmisionari Mskoti aliyechoka na kuishiwa. Wa pili ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Wamefanywa wakubwa kuliko kimo cha binadamu, ilivyo desturi ya sanamu za mashujaa, na salamu yao, ambayo mwaka 1871 ilikwisha kwa pumzi moja, hapa haijaisha hadi leo. Nje, chini ya miembe inayosemekana kuwa uzao wa mwembe wa siku ile, upo mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba. Nje ya ua wa makumbusho ni Ujiji ya kila siku: mawese kwenye madumu, migebuka ya kubanika, dagaa walioanikwa, adhana ya alasiri, wazee barazani. Ziwa Tanganyika liko bondeni, na siku isiyo na ukungu milima ya Kongo huonekana ng'ambo.

Sanamu haisemi, kwa hiyo lazima apatikane wa kuisemea. Mwongoza wageni anapofika kwenye kisa chenyewe, ni rahisi aache kusimulia na aanze kuigiza. Anakuwa Stanley: anavua kofia ambayo hakuivaa, ananyoosha mkono, anakaza sauti, anatamka yale maneno machache ya Kiingereza yaliyoenea dunia nzima, ya kumuuliza Mzungu pekee wa mji ule kama yeye ndiye Dk. Livingstone. Kisha anageuka upande wa pili na kujibu kwa sauti ya mzee. Kwa dakika mbili hivi Mtanzania wa leo anawabeba mwilini mwake Wazungu wawili waliokwisha kuoza. Wageni wanacheka, wanapiga picha, wanaondoka wameridhika. Kitendo hiki ni kidogo, lakini ndani yake yamo maswali makubwa: nani ana ruhusa ya kuvaa nafsi ya marehemu, kwa faida ya nani, na nani atamkosoa akipotosha?

Marekani wameyafanyia maswali hayo kazi kwa muda mrefu, kwa sababu huko uigizaji wa waliotangulia umekuwa fani kamili, inayoitwa historia hai. Katika ngome za zamani za Magharibi, kama Fort Larned ya Kansas, au Bent's Old Fort ya Colorado iliyojengwa upya mwaka 1976, mgeni hupokewa na mtu wa karne ya 19. Anafua chuma, anashindilia baruti kwenye bunduki, anaoka mkate ndani ya chungu cha chuma kilichofunikwa makaa. Wapo wanaojifunga na nafsi ya kwanza: ukimtajia rais wa leo hamjui, ukimwonyesha simu anashangaa. Wapo wanaovaa nguo zilezile lakini husimulia kwa nafsi ya tatu, wakikiri kuwa wao ni watu wa sasa. Na katika mahema ya maonyesho ya nyanda za kati kuna namna nyingine, pengine yenye hekima kuliko zote. Msomi huingia akiwa mtu mashuhuri wa kale, huhutubia, kisha hujibu maswali ya watazamaji kwa kinywa cha marehemu. Halafu huvua kofia na kuulizwa upya, safari hii kwa nafsi yake mwenyewe, na hapo hulazimika kusema wapi marehemu alijisifu na wapi alidanganya. Nguo moja, majibu mawili.

Uhusiano wa Magharibi ya Marekani na mwambao wa Ziwa Tanganyika haukuletwa na watalii. Uliletwa na Stanley mwenyewe. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini. Mwaka 1859 alifika New Orleans akiwa kijana wa melini, akaokota jina jipya, na tangu hapo akawa Mmarekani kwa kujitangaza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, alipigana upande wa Kusini katika mapigano ya Shiloh, Aprili 1862, akatekwa, kisha akavaa sare ya Kaskazini. Mwaka 1867 magazeti yalimtuma nyanda za Kansas kufuata jeshi la Jenerali Hancock, ambamo alikuwamo ofisa George Custer, na Oktoba mwaka huohuo alikuwapo Medicine Lodge Creek, serikali ilipotiliana mikataba na Wakiowa, Wacomanche, Waarapaho na Wacheyenne. Pale alijifunza kazi iliyomfaa maisha yake yote: kuingia nchi ya watu, kutafuta uso mmoja wa kuubebesha habari nzima, na kuwapelekea wasomaji wa mbali mashujaa wa ukubwa wanaoutaka wao.

Mmoja wa mashujaa hao alikuwa Wild Bill Hickok, mtu wa bastola. Stanley aliandika kwamba alimuuliza ameua watu wangapi, na Hickok akajibu kuwa wamezidi 100. Hesabu hiyo haina mashiko, lakini ilichapishwa, na iliyochapishwa ikawa ndiyo Hickok anayeigizwa hadi leo katika miji ya Magharibi mbele ya familia zilizoshika ayisikrimu. William Cody, aliyejulikana kwa jina la Buffalo Bill, alikwenda mbali zaidi. Julai 1876, alipokuwa skauti wa jeshi, aliingia katika mapigano ya Warbonnet Creek amevaa mahameli nyeusi ya jukwaani, akamuua shujaa wa Kicheyenne aliyeitwa Yellow Hair, kisha akarudi kwenye kumbi za maonyesho na vazi lilelile, akaigiza mauaji aliyoyafanya. Mwaka 1883 alianzisha onyesho kubwa la Magharibi lililozunguka Marekani na Ulaya. Sitting Bull wa Walakota alisafiri nalo mwaka 1885, akizomewa na kushangiliwa katika uwanja uleule. Kabla historia haijakauka wino, wahusika wake walikuwa wamekwisha kujigeuza waigizaji wa nafsi zao. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma hii ilikuwa na matarumbeta, farasi na tiketi za kulipia.

Ukilijua hilo, siku ya Ujiji inaonekana kwa sura nyingine. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, msafara ulipokaribia ziwa alimwagiza Selim, kijana kutoka Jerusalem aliyekuwa mkalimani wake, amtolee suti mpya ya flaneli, avipake mafuta viatu vyake na aipake chaki kofia yake ya jua. Hayo ni maandalizi ya mtu anayepanda jukwaani. Hata hivyo sherehe yote ile haikubuniwa na Stanley. Wapagazi wa Kinyamwezi na Waungwana wa Zanzibar walikuwa na desturi zao za safari tangu zamani: msafara hauingii mjini kinyemela. Unasimama nje, watu wanajiosha vumbi, wanavaa nguo njema zilizotunzwa kwenye mizigo, bendera inatangulia, baragumu linalia, bunduki zinapigwa hewani, nyimbo zinapandishwa, na mji mzima unamiminika njiani. Stanley, mgeni wa miezi michache katika njia ile, aliingizwa ndani ya ngoma iliyokuwa na wenyewe. Yeye alichangia bendera ya Marekani na suti ya flaneli. Hatua, sauti na mpangilio vilikuwa vya wapagazi. Waliotoka kuwalaki, kwa orodha yake mwenyewe, walikuwa Wajiji, Wanyamwezi, Waungwana, Warundi, Wamanyema na Waarabu. Kati ya mamia ya watu waliokuwapo, waliopata sanamu ni wawili.

Kuhusu maneno yenyewe, ushahidi ni mwembamba. Daftari la Livingstone linamtaja Susi, mtumishi wake, akija mbio kumpasha habari za Mwingereza anayekuja, linaitaja bendera ya Marekani mbele ya msafara, linataja hata mabeseni ya bati, marobota ya mizigo na masufuria yaliyomfanya mzee adhani kuwa huyu ni msafiri wa raha. Ile salamu maarufu haimo. Katika daftari la Stanley, kurasa za tukio hilo zimechanwa. Tarehe nayo inayumba: Stanley alichapisha 10 Novemba 1871, na jiwe la Ujiji likamfuata, ilhali hesabu za Livingstone zinaangukia siku za mwisho za Oktoba. Wote wawili walikuwa wamepotewa na siku kwa homa na safari. Inawezekana basi kwamba mstari unaoigizwa Ujiji kila wiki haukutamkwa Ujiji hata mara moja, kwamba uliandikwa baadaye, mezani, na mtu aliyejua watazamaji wake wanataka nini. Mwongoza wageni anayeutamka haigizi tu mkutano wa 1871. Anaigiza pia ripoti ya gazeti la 1872.

Marudio ya kwanza yalifanyika London mwaka huohuo wa 1872. Stanley aliingia studio ya picha akiwa na mavazi yaliyosemwa kuwa ndiyo ya Ujiji, na kando yake akasimamishwa mtoto mmoja Mwafrika. Mtoto huyo alikuwa Ndugu Mhali, aliyepewa Stanley na mfanyabiashara wa Kiarabu huko Unyanyembe, kisha akabandikwa jina la Kalulu. Katika picha zile Kalulu anaigiza uchukuzi wa bunduki, akiwa na umri ambao watoto wa leo wako shule ya msingi. Alipelekwa Uingereza na Marekani, akaandikiwa kitabu, akatengenezewa sanamu ya nta kwa Madame Tussaud, akahudhuria mazishi ya Livingstone katika kanisa la Westminster Abbey, Aprili 1874. Aliporudi Afrika na Stanley alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo, Machi 1877, na maporomoko yakapewa jina lake. Alikuwa mwigizaji wa historia kabla ya kuwa mtu mzima, na katika mchezo wote ule hakuna aliyemtungia mstari wa kusema kwa hiari yake.

Susi na Chuma waliigiza kwa namna tofauti. Hao ndio waliomtunza Livingstone hadi alipokufa kijijini kwa Chitambo, Mei 1873, wakaukausha mwili wake, wakaubeba pamoja na wenzao hadi Bagamoyo, ambako ulifika Februari 1874. Walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Walimsaidia mhariri Horace Waller kuyasoma na kuyapanga madaftari ya marehemu, na walipokuwa Skotilandi, katika shamba la rafiki wa Livingstone, James Young, walijenga kwa mikono yao kibanda cha mfano wa kile alichofia. Fikiria kazi hiyo: wanaume wawili, mmoja Myao na mmoja wa Shupanga kwenye mto Zambezi, wakikata miti ya nchi ya baridi, wakifunga fito, wakiezeka, wakikumbuka upande gani ulikuwa mlango na wapi palikuwa kitanda. Hawakuvaa nguo za mtu mwingine wala kubadili sauti. Waliwaonyesha wale ambao hawakuwapo jambo walilolishuhudia. Kama historia hai inahitaji babu wa kumtambikia, Susi na Chuma wanastahili kuliko Buffalo Bill.

Kumbukumbu ya umma ilifuata njia ya Buffalo Bill. Mwaka 1939 Hollywood ilitoa filamu ya Stanley na Livingstone, Spencer Tracy akiwa Stanley. Filamu hiyo inaanzia Wyoming, katika nchi ya farasi na mapigano na wenyeji wa asili, ndipo inahamia Afrika, na kuhama kwenyewe hakuhitaji kubadili mtindo: nyanda ni zilezile pana, shujaa ni yuleyule, na wenyeji wanakaa nyuma ya picha wakipaza sauti. Ujiji ikawa mpaka mwingine wa Magharibi. Sanamu mbili za makumbusho, hata kama mfinyanzi hakukusudia, zinasimama ndani ya picha hiyohiyo.

Uigizaji wa namna hii hufika mahali ukakutana na maumivu, na hapo ndipo ubora wake hupimwa. Oktoba 1994, mji wa makumbusho wa Colonial Williamsburg, Virginia, uliigiza mnada wa watumwa. Waandamanaji walipinga kwamba mateso ya wazee wao yanageuzwa tamasha. Waigizaji, wengi wao Waamerika weusi, walishikilia kwamba kuyaficha ni kuwaua wazee mara ya pili. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Zamani zaidi, baada ya mauaji ya Walakota huko Wounded Knee, Desemba 1890, baadhi ya wenzao waliofungwa kwa kucheza ngoma ya mizimu walitolewa gerezani kwenda Ulaya na Buffalo Bill, kuigiza vita ambavyo jamaa zao walikuwa wamekwisha kufa kwavyo. Jukwaa likawa kifungo chenye chakula bora na nauli. Kwa upande mwingine, Montana, karibu na mto Little Bighorn, familia ya Wacrow huigiza kila mwezi Juni, kwenye ardhi yake yenyewe, vita vya 1876 vilivyomuua Custer, na kisa husimuliwa kwa upande wa wenyeji. Farasi na baruti ni vilevile. Tofauti iko kwa mwenye uwanja, kwa anayeshika kipaza sauti, na kwa anayepokea kiingilio.

Ujiji haihitaji kuazima Marekani njia ya kumwigiza marehemu, kwa kuwa nchi hii inayo ya kwake. Katika misiba ya makabila mengi ya Tanzania, watani hufika na leseni isiyoandikwa popote. Mtani huvaa koti la marehemu, hukamata fimbo yake, huchechemea alivyochechemea, hukohoa kikohozi chake, huagiza pombe kwa sauti yake, hudai deni ambalo marehemu alikataa kulilipa. Wafiwa, macho yakiwa bado mekundu, huangua kicheko. Anayosema mtani mbele ya jeneza hakuna mwingine angethubutu: kwamba huyu alikuwa bahili, kwamba alipenda sifa, kwamba jembe lake halikuwa na kutu kwa sababu lilikaa kwa jirani. Wala si matusi. Mtani hufanya hivyo kwa sababu naye ana wajibu wa kusaidia kaburi na maji na kuni, na kwa sababu siku yake ikifika watani wa upande wa pili watakuja kumvalia koti lake. Mwosha huoshwa. Uigizaji wa mtani una mpaka, una malipo, na una kisasi cha heri. Mwigizaji anajua ataigizwa.

Utani mwingi wa makabila ya mbali, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo, unahusishwa na misafara ileile iliyopita Ujiji. Watu waliokutana njiani kwa mashaka, wakitegemeana kwa maji, chakula na maziko, walihitaji mkataba wa kutoleana maneno bila kuchomana visu, na mkataba huo ukawa utani. Njia iliyomleta Stanley na suti yake ndiyo hiyo iliyozaa ama kukuza sanaa ya kumwigiza mwenzio kwa ukweli. Baadaye, tangu miaka ya 1890, pwani ya Kenya ilileta ngoma ya beni, ikaenea Tanganyika yote kwa vyama vya Marini na Arinoti. Vijana walivaa sare, wakapiga gwaride, wakajipa vyeo vya wafalme, majenerali na madaktari. Waliwaigiza wakubwa wa dunia wakiwa bado hai na wakitawala, tena mbele ya macho yao, na serikali ya kikoloni ilibaki ikijiuliza kama inasifiwa au inachekwa. Penye beni na utani, mwigizwa hapewi kilemba cha ukoka. Hupimwa.

Kwa kipimo hicho, mchezo wa Ujiji una upungufu mmoja mkubwa: karibu wahusika wote wamekosa nafasi. Asiyekuwepo na lake halipo, husema wahenga, lakini hawa walikuwapo. Alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa hadi India, akapata uhuru wake, akarudi Afrika ya Mashariki kuwa kiongozi wa misafara. Aliingia Ujiji na wapelelezi Burton na Speke Februari 1858, wakati Wazungu hao walipoliona ziwa; akaingia tena na Stanley 1871; akaingia mara ya tatu na mpelelezi Cameron Februari 1874, katika safari iliyovuka bara hadi Bahari ya Atlantiki. Kama yupo mtu wa kukaribishwa Ujiji kwa kuvuliwa kofia, ni huyu, aliyeujua mji miaka 13 kabla ya Stanley. Alikuwapo Halima, mpishi wa Livingstone, aliyehangaika jikoni siku ile akitaka mgeni asiwadharau kwa uhaba wa chakula. Livingstone aliandika kwamba wakifika Zanzibar atamkomboa na kumnunulia nyumba na bustani. Ahadi hiyo inamwambia mgeni wa makumbusho jambo zito: katika nyumba ya mpinga utumwa mashuhuri kuliko wote, mpishi alikuwa bado hajawa huru. Livingstone hakufika tena Zanzibar akiwa hai.

Walikuwapo pia wapagazi wasio na majina, kila mmoja na furushi la nguo, shanga au waya wa shaba lenye uzito wa kilo 30 hivi, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Tabora, zaidi ya kilomita 1,000. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika vitabu vya wapelelezi mizigo yao huhesabiwa kwa makini kuliko maisha yao. Na walikuwapo wale ambao kwao Ujiji haikuwa mwisho wa safari ya furaha: watu waliovushwa ziwa kutoka Manyema wakiwa mateka wa biashara ya pembe na watumwa, baada ya mauaji kama yale ya soko la Nyangwe, Julai 1871, ambayo Livingstone aliyaona kwa macho na yaliyomrudisha Ujiji moyo umevunjika. Ujiji ya leo imejaa wajukuu wa kila upande: wa waliofungwa minyororo, wa waliofunga, wa waliobeba, wa waliolima na kuvua kabla msafara wowote haujafika. Pengine ndiyo sababu Zanzibar iliweza kuweka kwenye ua wa kanisa la Mkunazini, mwaka 1998, sanamu za watumwa shimoni na minyororo halisi shingoni, wakati Ujiji bado inavua kofia. Mahali ambapo jirani anaweza kuwa mjukuu wa mwenye bunduki, kumwigiza mwenye bunduki ni jambo la kupimwa kwa mizani ya mtani: kuna ukweli unaosemeka kwa kicheko na utakaozua ugomvi ukisomwa kwenye kibao.

Jukwaa lenyewe halijatulia. Mwembe wa asili ulikufa zamani. Ziwa, ambalo miaka ya 1870 lilikuwa linajaa, lilifungua mkondo wake wa Lukuga upande wa Kongo mwishoni mwa muongo huo, likashuka mita kadhaa, na ufuko ukajivuta mbali na mahali pa mkutano. Miaka ya karibuni maji yamepanda tena hadi kufunika sehemu za mwambao na bandari ya Kigoma. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 biashara ilihama, na Ujiji ikabaki na historia. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka Ujiji, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara, katika orodha ya awali ya UNESCO kama vituo vya njia ya kati ya watumwa na pembe. Jina la orodha hiyo limekwisha kuhamisha uzito wa kisa, kutoka kwa wapelelezi wawili kwenda kwa njia nzima na watu wake. Uigizaji wa makumbusho haujaufuata uamuzi huo, bado unasalimiana.

Kuufuata si kazi ya gharama kubwa. Mwongoza wageni anayeweza kuwa Stanley kwa dakika moja na Livingstone kwa dakika ya pili anaweza kuwa Halima kwa ya tatu, na Bombay kwa ya nne, na mpagazi anayetua mzigo na kudai posho yake kwa ya tano. Anaweza kutamka ule mstari maarufu, kisha, kama wale wasomi wa mahemani, avue kofia na kusema kwa nafsi yake kwamba daftari limechanwa. Anaweza kumwiga Stanley kwa ruhusa ya mtani, pamoja na majigambo yake na uyatima wake, bila kumwongezea kimo. Mcheza kwao hutunzwa, na Ujiji ni kwao. Anayemwigiza marehemu amejitwika deni kwa marehemu na kwa waliofiwa. Akiigiza watu wawili na kuwaacha mamia waliokuwapo, amelipa sehemu ndogo ya deni hilo, na wenye haki ya kudai salio wanaishi mitaa ileile inayozunguka makumbusho.